Mvua ya Ukutani

Siku ya kwanza nilipoingia katika ile nyumba ya mtaa wa Mankhool, Dubai, kumtunza Bibi, kitu nilichokiona kabla ya Bibi mwenyewe kilikuwa matundu ya misumari. Yalikuwa kwenye ukuta wa sebule, yamepandiana moja juu ya jingine kuelekea darini, na juu kabisa, karibu na kiyoyozi, ilining'inia picha kubwa yenye fremu nyeusi. Nikajisemea moyoni, hawa wameitundikia twiga.

Bibi alikuwa amekaa chini yake kwenye kiti cha mikono, kajifunga kanga moja na nyingine kajitanda kichwani, shingo kaikunja nyuma kuiangalia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa Unguja, aliyeletwa Dubai na mumewe zamani hizo, akiwa bado bibi harusi. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo upande mmoja, na tangu hapo akili yake ilikwenda na kurudi. Ikiwa imerudi, alikuwa mcheshi wa kukuvunja mbavu. Ikiwa imekwenda, hakuna aliyejua imekwenda wapi.

Bintiye ndiye aliyeniajiri. Aliniambia nimwite Dada, lakini ulimi wangu ulikataa; miaka niliyokwisha kukaa katika mji huu ilikuwa imenifundisha kwamba mwenye nyumba ni madam, basi akawa madam. Yeye alizaliwa hapahapa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia chakula, kuaga wageni na kugombeza watoto, na yaliyobaki yote aliyasema kwa Kiarabu au Kiingereza. Siku ile alinitembeza jikoni, bafuni, kwenye kabati la dawa, kisha akanisimamisha mbele ya ule ukuta.

"Ikifika alasiri, Mama atakwambia uinue picha," alisema. "Wewe panda kiti, iinue kidogo. Muradi aone umefanya."

"Kwa nini anataka iinuliwe?"

"Wallahi sijui. Tumeinua mpaka tumefika hapo unapoona."

Ikafika alasiri. Bibi alikwisha kusali akiwa kitini, nami nilikuwa nakunja mswala wake. Ghafla akanyoosha mkono wake mzima, ule ambao kiharusi hakikuugusa, kuelekea kwenye picha, macho yamemtoka. "Inueni!" alipiga kelele. Ndivyo tulivyomsikia sote. "Inueni, jamani! Hamuoni wingu hilo? Mwangoja nini?"

Nikapanda kiti, nikaishika fremu kwa mikono miwili na kuisogeza juu hadi ilipogusa kiyoyozi. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa amejishika kichwa, analia.

Ilikuwa hivyo kila alasiri. Nimetunza wazee wengine katika mji huu, na nimezoea kutukanwa, kutemewa uji na kuitwa mwizi wa meno ya bandia. Hayo hayakunisumbua. Lililonisumbua ni kumwona mtu akiomba kitu kimoja, kwa adabu kwanza, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi, nasi tunampa kile tulichodhani amekiomba, na kumbe sicho. Akichoka alilala palepale kitini, na usingizini uso wake ulibaki na wasiwasi uleule.

Picha yenyewe haikuwa na rangi. Ilikuwa ya weusi na kahawia, imefifia, na kioo chake kilikuwa kimegandiwa na moshi wa udi na mafuta ya mapishi ya miaka mingi. Kwa mbali uliona bonde, mto mwembamba, miti minene, nyumba moja yenye paa la nyasi na mnara wa kanisa. Juu ya vyote hivyo kulitanda wingu. Lilikuwa limekula zaidi ya nusu ya karatasi, zito, jeusi upande mmoja, na upande wa pili limechanika kidogo na kupitisha mwanga. Chini, mle kwenye uchafu wa kioo, kulikuwa na vidoa ambavyo huenda vilikuwa watu.

Nitasema kweli, mara ya kwanza niliyoiangalia vizuri nilidhani ni Lushoto. Sikuona ajabu. Wamishenari na walowezi walipita kwetu na kamera zao na brashi zao, huenda mmoja alisimama kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yetu. Hata kanisa lilikuwa limekaa pale linapokaa la kwetu, begani mwa mlima. Nilipata kiu ya ajabu, si ya maji, ya ubaridi ule wa asubuhi unaokufanya uvae sweta kwenda kuchota maji, na ukungu unaingia mlangoni bila kubisha hodi. Nilikuwa na binti kule. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa bado ananyonya kidole gumba, na sasa alikuwa anamsomea bibi yake gazeti. Nilimtazama kwenye simu kila nilipopata nafasi, na kila nilipomaliza kumtazama nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyoanza.

Madam alinicheka nilipomwuliza kama picha ni ya Tanganyika. "Hiyo ni Uingereza," alisema. Akanieleza kwamba baba yake aliinunua walipohamia Dubai, siku moja Mzungu fulani alipokuwa anarudi kwao na kuuza vyombo vyake barazani. Mama yake alikuwa bado mgeni na joto la hapa, kila siku analia anataka mvua. Mzee akarudi na ile picha kaikumbatia kifuani, akasema, "Nimekuletea mvua yako." Tangu hapo imehama nao kila nyumba waliyohamia.

Sitamsahau yule mzee ambaye sikuwahi kumwona. Wengine huletewa dhahabu.

Kwa hiyo katika nyumba ile moja picha ilikuwa na nchi tatu. Kwa madam ilikuwa Uingereza, kwangu ilikuwa Lushoto, na kwa Bibi, siku ambazo akili imerudi, ilikuwa shamba la baba yake kule Unguja. Alinionyesha kwa kidole hadi nilipokuwa tayari kuapa. "Hapo ndipo penye kisima. Hapo kwa mama mdogo. Huko nyuma mikarafuu, huwezi kuiona, imejificha." Nikimuuliza kuhusu kanisa alinikatia kauli: "Wee mwana, hilo ghala."

Kisha ikaja habari ya kuhama. Madam na mumewe walikuwa wamepata nyumba Jumeirah Village Circle, mpya, yenye lifti kubwa inayopitisha kiti cha magurudumu. Daktari aliyekuja kumwona Bibi kabla ya kuhama akasema ile picha inamtia wasiwasi, afadhali iondolewe. Ilikuwa ushauri wa busara, nami mwenyewe niliuunga mkono. Tukaiteremsha Bibi akiwa amelala, tukaiingiza nyuma ya kabati.

Alasiri yake Bibi alinyoosha mkono kwenye ukuta mtupu. Hakupiga kelele. Alitazama yale matundu ya misumari, akatutazama sisi, akasema kwa sauti ya chini, "Yamekwisha. Yote yamekwisha haribika." Usiku ule hakula. Kesho yake alikunywa chai nusu kikombe. Akawa hatusemeshi tena, si mimi wala mwanawe, na mimi niliyekuwa nikiomba angalau alasiri moja ya kimya, nikaanza kuomba apige kelele.

Nilimkuta madam jikoni, maji yanachuruzika kwenye sinki, yeye ameegemea friji. "Nitampoteza," alisema. "Na atakwenda akiwa amenikasirikia, na sijui nimemfanya nini."

Tulikubaliana kuirudisha picha, lakini safari hii ikiwa safi na chini, usawa wa macho yake, ili angalau kama ni kuiona, aione. Madam akanipa nauli ya teksi, nikaifunga picha kwenye shuka na kwenda nayo Satwa kwa mtengeneza fremu.

Duka lake lilikuwa katikati ya fundi cherehani na gereji ya betri. Yeye alikuwa mzee wa Kihindi, miwani imening'inia kwa uzi, na alizungumza ile lugha yetu sote ya Dubai, Kiingereza kilichochanganywa na Kiarabu na kila alichokiokota njiani. Alipong'oa misumari midogo ya nyuma na kukinyanyua kile kioo, aliinamia karatasi. Halafu akaguna kama mtu aliyekutana na jamaa yake kituo cha basi.

"Sista, hii umepata wapi?"

"Ya Bibi yangu."

"Hii si ya mkono. Hii chapa." Akanionyesha kwa kucha, bila kuigusa karatasi. "Mtu wa kwanza anachora kwa rangi. Mtu wa pili anachonga picha hiyohiyo kwenye bamba la shaba. Anapaka wino, anakandamiza karatasi. Moja, mbili, nyingi. Huyu mchoraji mwenyewe labda hajaiona karatasi hii."

"Ni nani?"

Jina lilikuwa limechapwa chini, kwa herufi ndogo zilizolala. Alinisomea. Katika habari hii simtaji mtu yeyote kwa jina, na huyo naye nitamwacha apumzike. Alikuwa Mwingereza, wa zamani, na mzee wa fremu alijua habari zake kwa sababu chapa za kazi zake zilikuwa zikipita dukani hapo mara mojamoja, na kila ilipopita aliuliza na kusoma.

"Huyu bwana alikuwa mjinga," alisema kwa mapenzi makubwa. "Wenzake wanachora wafalme, vita, wanapata kula. Yeye majani na matope. Ametoka kijijini kwake amekwenda mjini kutafuta riziki, lakini mkono umebaki kijijini. Anakaa mjini, anachora bonde lile. Mwaka mwingine, bonde lilelile. Halafu anatoka nje, anaangalia juu, anachora wingu. Hakuna mtu, hakuna nyumba. Wingu tu, khalas."

"Alirudi?"

"Kwenda kuangalia, ndiyo. Kukaa, hapana."

Nilimwelewa yule Mwingereza papo hapo, kama ninavyomwelewa mwenzangu niliyepata kukaa naye chumba kimoja. Wazungu niliowafanyia kazi huku sikuwahi kuwafikiria kwamba nao hutamani kwao. Huyu alikuwa amekaa kwenye chumba cha kupanga, tuseme, anasikia magari ya farasi chini, na kichwani mwake kuna mto mwembamba na nyumba ya nyasi, na hana simu ya kupiga. Mimi afadhali nilikuwa nayo.

Mzee alisafisha kioo kwa kitambaa na maji ya kitu kikali kilichonipandisha chafya. Hakukubali kugusa madoa ya karatasi, alisema umri si uchafu. Akanipa picha niishike wakati anatafuta misumari, na kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukaa, nilitoka nayo hadi kwenye benchi la fundi cherehani, kivulini. Nikaiegemeza magotini.

Vile vidoa vilikuwa watu kweli. Sasa walionekana waziwazi, wanaume kwa wanawake, wameinama kwenye uwanja, wana reki na uma za mbao, wengine wanarundika majani makavu kwenye mkokoteni. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama wima, mkono mmoja kiunoni na mwingine ameunyoosha juu, mdomo wazi. Chini ya mti mkubwa kulikuwa na kitu cheupe, kikapu au furushi la nguo. Niliwaangalia nisijue wana haraka ya nini.

Nikampigia binti yangu. Ilikuwa saa ambayo ametoka shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, leo mwalimu kanipa..."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama yangu, ile sauti ambayo haijawahi kuhitaji simu kufika mbali. Alikuwa anapiga kelele kutoka uani. "Mvua hiyo! Anua! Anua mahindi, upesi!"

"Mama ngoja," binti yangu akasema, "ngoja nikaanue." Akaiweka simu.

Sikukata. Nilisikia miguu inakimbia, turubai linaburutwa, mama yangu anagomba, binti yangu anacheka. Kisha mvua ikaanguka juu ya bati la nyumba yetu. Ilikuja yote kwa pamoja, kama inavyokuja kwetu, na simu ikajaa ule mlio hadi sikusikia kingine. Mimi nilikuwa nimekaa Satwa, joto la mchana linanipanda kutoka kwenye lami ya barabara, jasho linaingia machoni, na mvua ya kwetu inaninyeshea sikioni. Nililia bila aibu. Fundi cherehani alinitazama, akarudisha macho kwenye mashine yake.

Nilipoinamisha uso nikakutana tena na yule mwanamke wa kwenye picha, mkono juu, mdomo wazi, na wingu lile juu yake. Nikajua anasema nini.

Anueni.

Neno lenyewe lilikuwa la kila siku kwetu. Ukianika, utaanua. Mahindi, maharage, nguo, godoro la mtoto. Nimelisikia kabla sijajua kutembea. Lakini Dubai nilikuwa nimekaa miaka sijalitamka, kwa sababu hakuna anayeanua chochote. Nguo hukaushwa na mashine, na mawingu ya kutisha mtu ni ya kubahatisha. Bibi alikuwa akilisema kila alasiri. Ile sauti ya kwanza ilimezwa na upande wa mdomo usiofanya kazi, ikabaki "nueni", na sisi tukaijazia i badala ya a. Kwao Unguja karafuu zilikuwa uani, zimeanikwa juu ya majamvi, wingu limetanda, na watu wa nyumba wamesimama wanamtumbulia macho. Karafuu ikiroa imeharibika. Na kila alipotusihi tuanue, tulipanda kiti.

Nilirudi Mankhool na picha mapajani, dereva wa teksi akiniuliza kama nimefiwa.

Tuliitundika kwenye tundu la chini kabisa, lile la kwanza, alilolipigilia mume wa Bibi mwenyewe. Bibi alitazama tukipigilia msumari. Tukasubiri. Alasiri ilipoingia, jua likahama upande wa pili wa jengo, sebule ikapata kivuli. Bibi akajisogeza mbele kitini. Akakodoa. Mkono ukapanda.

"...nueni! Jamani, hamuoni wingu hilo?"

Madam, kwa mazoea, alikwisha kuvuta kiti na kukipanda.

Mimi nikapiga magoti mbele ya Bibi. "Tumeshaanua, Bibi," nikamwambia.

Akanitazama. Sijui alimwona nani. "Mmeanua?"

"Tumeanua."

"Zote?"

"Zote. Hakuna hata moja iliyoroa."

"Na majamvi?"

"Majamvi tumeyakunja, yako ndani."

Alipumua. Nilimwona akishusha mabega, yale mabega aliyokuwa ameyabeba shingoni tangu nimjue. "Alhamdulillahi," alisema. "Mmefanya la maana leo. Nipeni chai basi."

Madam alikuwa bado juu ya kiti. "Umemwambia nini?" aliniuliza. Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kwa Kiswahili na vipande vya Kiingereza, kuanika ni nini na kuanua ni nini, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeinua picha kama yeye, na neno nimekua nalo. Alishuka, akakaa kwenye kilekile kiti.

"Hilo neno silijui," alisema. "Sijapata kulisikia. Hapa tungeanua nini?"

Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. "Anaomba tumwokolee karafuu zake, na mimi nampandishia picha!"

"Na wewe nini?" Bibi akamuuliza, akili imerudi ghafla kama inavyopenda. "Walia nini na mvua imekosa kitu?"

Tulihamia Jumeirah Village Circle wiki hizo. Kuta mpya zilikuwa nyeupe za kuumiza macho, na wageni waliokuja kutazama nyumba walisema picha kuukuu kama ile haiendani na pazia. Madam aliwajibu kwa Kiarabu kitu ambacho sikukipata, ila niliona hawakurudia. Aliitundika pembeni mwa kitanda cha Bibi, chini, unaweza kuigusa ukiwa umelala. Na kila alasiri aliyekuwa karibu alijibu. Madam naye alijifunza, kwa ile lafudhi yake iliyokosea nusu, "Tumeshaanua, Mama," na Bibi alimuuliza zote, na yeye akajibu zote, majamvi pia. Bibi alianza kula. Alininyanyasa kuhusu chumvi kama zamani. Nilifurahi, na nilihisi wivu pia, nikiri hivyo. Mama na mwana walikuwa wamepata neno lao, na mimi nilikuwa nimebaki na simu yangu.

Nilizoea kukaa sakafuni karibu na kitanda, alasiri hizo, nikiitazama picha Bibi akisinzia. Nilikuwa nikifikiri juu ya yule Mwingereza. Alichora bonde lake, mwingine akalichonga, mwingine akalikandamiza kwenye karatasi, na karatasi ikaja hadi kwenye jengo hili lililozungukwa na mchanga na kreni za ujenzi, yeye mwenyewe hajui. Binti yangu naye alikuwa na mama wa namna hiyo. Uso wangu ulimfikia kwenye kioo cha simu, bapa, wakati mwingine umeganda mdomo wazi, na mwenye uso yuko mbali.

Alasiri moja Bibi aliuliza yake, nikajibu yangu, karafuu zikawa ndani na majamvi yakawa ndani. Nilidhani tumemaliza. Lakini hakulala. Alisogeza kidole juu ya kioo, polepole, hadi kwenye ule mti mkubwa, akakiweka juu ya kile kitu cheupe.

"Na huyu mtoto?"

"Mtoto gani, Bibi?"

"Huyu aliyelazwa chini ya mti. Mmeanua karafuu, mtoto mmemwacha?" Akanigeukia. "Umemtia ndani?"

Nilikuwa nimekwisha kumdanganya mara nyingi juu ya karafuu zilizooza kabla sijazaliwa, kwa moyo mweupe kabisa, na ningeweza kumdanganya tena. Safari hii sikuweza.

"Bado, Bibi," nikasema.

"Bado!" Alijaribu kuinuka. "Mama yake yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Hapa wapi? Anafanya nini hapa?"

Nilikuwa nimeweka uso kwenye shuka lake. Nilihisi mkono wake, ule mzima, unanigonga kichwani kama anayebisha mlango. "Nenda kamchukue, mwanangu. Nenda. Utakaa hapa mpaka lini?"

Madam alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sijui alisikia kuanzia wapi. Siku ya pili Bibi aliuliza tena juu ya mtoto, na ya tatu, na hakupumzika, kwa sababu nilishindwa kumwambia ndiyo. Madam alijaribu kumjibu kwa niaba yangu, "Yuko ndani, Mama," lakini Bibi alimpuuza. Alinitazama mimi. Siku iliyofuata madam aliniuliza nina muda gani sijaenda likizo. Likizo yangu nilikuwa nikiiuza kila mwaka, karo ya shule na bati la nyumba vilikula humo. Akasema, "Nenda. Nitakaa naye mwenyewe mpaka urudi."

Binti yangu alikuwa mrefu kuliko simu ilivyonionyesha. Hilo ndilo lililonipiga kwanza, kwamba alinifika begani. Alinisalimu kwa heshima, kama mgeni, akachukua begi langu. Usiku wa kwanza alilala kwa bibi yake. Wa pili pia. Sikumlazimisha, nililala macho wazi nikisikiliza kukohoa kwake ng'ambo ya ukuta.

Ilikuwa alasiri ya siku ya tatu au ya nne. Maharage yalikuwa uani kwenye turubai, nami nilikuwa nayachambua. Wingu likaja kutoka nyuma ya kilima, zito, jeusi upande mmoja. Mama yangu akapiga kelele zake. Tulianua watatu, turubai tumelishika pembe, tunagongana, na matone ya kwanza yalitukuta mlangoni. Binti yangu alikuwa amelowa kichwa. Nikavua kanga yangu nikamfunika, na yeye, bila kufikiri, akajiegemeza kwangu akatulia hapo, akitetemeka kidogo kwa baridi na kucheka.

Nikiwa nimemshika hivyo, nikapiga simu Dubai. Madam akaiweka sikioni mwa Bibi.

"Bibi," nikasema, "nimemtia ndani."

Nilisikia kiyoyozi chao, nao nadhani walisikia bati letu.

"Yu mzima?"

"Mzima, Bibi. Kalowa kidogo tu."

"Mkaushe kichwa," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kuingiwa na usingizi. "Na mfunge mlango."

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa kwenye mkoba, ukutani, juu ya kichwa cha binti yangu. Nikasukuma mlango kwa mguu, nikatia komeo, nikarudi kumshika.

"Mama," akasema kutoka ndani ya kanga, "mbona unafunga? Mvua yenyewe imeshakatika."

"Najua," nikamwambia.